Njia Iliyoingia Majini

Mtoto wa Tabora hafundishwi njia ya misafara, anaikanyaga. Miaka ya themanini, tulipokuwa tukikua, njia hiyo ilikuwa chini ya miembe mikongwe tuliyoipopoa mawe tukienda Kwihara, miembe ambayo wazee walisema imetokana na kokwa za wasafiri. Ilikuwa kwenye kanzu na kofia za mtaa wa Gongoni siku ya Ijumaa, na kwenye Kiswahili cha mjini kilichotangulia reli kufika. Kwihara kwenyewe, kilomita chache kusini magharibi ya mji, lilikuwako tembe la udongo mwekundu ambamo Stanley na Livingstone walikaa pamoja kuanzia Februari 1872. Stanley aliondoka Machi kurudi pwani. Mzee Livingstone alibaki hadi Agosti akingoja wapagazi.

Walimu walitupeleka huko mara kwa mara, na kila mara tulisimuliwa njia kwa mpangilio uleule: Bagamoyo, Mpwapwa, kwetu Unyanyembe, halafu Ujiji, basi. Ujiji ilikuwa mwisho. Mbele yake palikuwa na maji ya Ziwa Tanganyika, na maji sisi hatukuyahesabu kuwa njia. Tutayahesabuje? Maji tuliyoyajua yalitoka bwawa la Igombe, yakafika bombani kwa zamu, na ndoo zilipangwa foleni kabla ya adhana ya alfajiri. Wanyamwezi tulisifika kwa miguu na mabega. Babu zetu walipeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na vitambaa na shanga, na hadithi za nyumbani zilikuwa za kutembea.

Likizo ya Juni 1995, nikiwa kidato cha tano, baba yangu mdogo aliyefanya kazi bandarini Kigoma aliniita nikamsalimie. Nilipanda treni usiku. Tabora ndipo gari la kutoka Dar es Salaam linapokatwa: mabehewa ya Mwanza huku, ya Kigoma kule, na waliosinzia wanaamshwa na vishindo vya vyuma vikiungwa upya. Akina mama walipita madirishani wakiuza asali kwenye chupa za soda zilizozibwa kwa gunzi la mahindi. Abiria mmoja wa daraja la tatu alinunua chupa, ikavuja, na behewa zima tukalala na nyuki wachache waliokuwa wameifuata.

Kutoka Tabora hadi Kigoma ni kilomita zipatazo 400, na Wajerumani walizimaliza kuzitandika reli mwaka 1914, miaka miwili tu baada ya reli kufika kwetu. Urambo ya mtemi Mirambo tuliipita gizani. Kaliua, Nguruka, kisha mto Malagarasi. Misafara ilikaa hapo ikibishana hongo, yaani ushuru wa kupita, na wenye mitumbwi, na Stanley alipovuka Novemba 1871 mamba alimla punda wake. Sisi tulivuka kwa daraja, na mzee aliyekuwa akimenya karanga karibu nami hakuinua hata kichwa. Uvinza tulikaribishwa na wauza chumvi, chumvi ya chemchemi zilezile zilizowavutia wafanyabiashara tangu kabla ya Waarabu. Baada ya hapo milima ilianza kuteremka, na upande wa kushoto pakatokea rangi ambayo kwanza niliidhani ni mbingu.

Baba mdogo alinipokea stesheni, jengo la Kijerumani linalotazama bandari, na hata begi sijaweka chini akanionyesha Liemba imetia nanga. Aliizungumzia kama mtu anayemsifu mkwe. Ilijengwa Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi hapa, ikaundwa upya. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isije ikatekwa. Waingereza wakaiopoa, na tangu 1927 ilikuwa ikibeba watu, dagaa na mahindi hadi Zambia. "Reli haikuja Kigoma kwa ajili ya Kigoma," alisema. "Ilikuja kwa ajili ya ziwa."

Siku chache baadaye alinitafutia kazi ya kutwa. Vijana wawili wa Denmark, mke na mume, walikuwa wamekodi boti ya kuwatembeza kandokando ya ufuko hadi Gombe, na mwenye kuwaongoza hakujua Kiingereza. Mimi nikawe mkalimani. Malipo yangu ni nafasi ya kukaa na chakula cha mchana.

Tuliondokea Kibirizi, kaskazini ya mji, ufuko wa dagaa. Walianikwa mchangani na juu ya nyavu, weupe wa fedha, na wanawake waliwageuza kwa mafagio huku wakizungumza Kiha, Kiswahili na Kibembe kwa sentensi moja. Wavuvi ndiyo kwanza walikuwa wamerudi. Mitumbwi miwili ilifungwa pamoja kwa miti, wavu ukaning'inia katikati, na karabai zikawashwa kuwaita dagaa juu. Asubuhi ile vioo vya karabai vilikuwa vikifutwa masizi kwa gazeti la zamani.

Boti yetu ilikuwa ya mbao, ndefu, imezibwa nyufa kwa pamba na lami, na injini ya Yamaha nyuma. Aliyeshika injini alikuwa kijana wa rika langu. Kiongozi, mzee wa Ujiji mwenye kofia ya kufumwa, alikaa mbele kabisa, miguu ameikunja, uso umeelekea maji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe wa Tabora? Unajua kuogelea?"

"Kidogo."

"Kidogo cha bwawani au cha ziwani?"

Sikujibu. Akacheka, akanitupia kipande cha boya nikikalie.

Kumbukumbu yangu kubwa ya safari ile ni mkono wake wa kulia. Sauti ya injini ilimeza maneno, kwa hiyo alimwongoza kijana kwa mkono, bila kugeuka. Kiganja kikilala, mwendo unapungua. Kidole kikielekea mlimani, tunasogea ufukoni, hadi niweze kuona kokoto chini ya maji na samaki wadogo wa milia wakikimbilia miambani. Ngumi ikikunjwa, injini inazimwa kabisa, tunaelea, naye anasikiliza. Mara moja alikunja ngumi mahali ambapo mimi sikuona kitu. Tulipopita polepole nikaona kamba ya wavu, nyembamba kama uzi wa kushonea, imelala juu ya maji. Panga la injini lingeikata, na mwenye wavu angekosa mlo wa wiki.

Ufuko ulienda kwa rasi na ghuba. Kila rasi alikuwa na neno nayo: hapa upepo hugeuka, hapa kuna mwamba usioonekana masika, hapa mitumbwi hujificha mawimbi yakianza. Vijiji vilikaa kwenye vifuko vya mchanga, michikichi nyuma yake, na juu mihogo imepanda milima hadi mgongoni, udongo mwekundu ukionekana kwenye mikwaruzo ya mvua. Yule kijana wa Denmark aliuliza kina cha maji. Mzee alijibu, "Mwambie kamba yangu haijawahi kufika." Jibu la vitabu ni mita zipatazo 1,470, ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, na sidhani linazidi lile la mzee kwa lolote.

Mke wa kijana yule wa Denmark alikuwa na kitabu cha safari za Stanley. Alitaka kuonyeshwa mahali hasa walipopita Stanley na Livingstone. Nikatafsiri. Mzee alifikiri kidogo, akasema: "Mgeni hapiti ziwani. Hupitishwa. Waulize wapiga kafi walipita wapi."

Nilitafsiri sehemu ya pili tu, kwa adabu. Lakini neno hilo lilinikaa, na nilipokuja kusoma mwenyewe nikalikuta ni kweli tupu. Baada ya kukutana Ujiji mwaka 1871, wale wawili waliazima mtumbwi kwa Mwarabu mmoja wa hapo, mtumbwi uliochongwa kwa mvule wa Ugoma, ng'ambo ya Kongo, wakaenda nao kaskazini kando ya ufuko huuhuu tuliokuwa tukiupita. Wapiga kafi walikuwa 16. Shabaha ilikuwa mto Rusizi: unaingia ziwani au unatoka? Kama unatoka, huenda ndio mwanzo wa Nile, na mabwana wa jiografia wa London walikuwa wamelizozania jambo hilo miaka mingi. Walifika, wakaona unaingia. Sasa lililo tamu ni hili: msafiri Mwingereza Burton naye alipopelekwa hadi Uvira mwaka 1858, wenyeji walimwambia waziwazi kwamba mto huo unaingia. Miaka 13 ilipita ulimwengu ukibishania jambo ambalo kila mvuvi wa Uvira alilijua, hadi wapiga kafi 16 walipowapeleka wageni wawili wakaone kwa macho yao.

Kisha, bila onyo, mihogo ilikoma na msitu ukaanza. Mpaka wa hifadhi ya Gombe ulisomeka mlimani wazi kabisa: upande huu kipara, upande ule miti hadi majini. Hapa ndipo Jane Goodall alipoteremka kwenye boti Julai 1960, akiwa na mama yake na mpishi, kuja kuwatazama sokwe. Mwaka 1968 pakawa hifadhi ya taifa. Mwaka mmoja kabla ya safari yetu taasisi yake ilikuwa imeanza mradi wa TACARE wa kupanda miti vijijini pamoja na wenyeji, kwa kuwa ilikwisha kuonekana kwamba sokwe hawatapona peke yao juu ya kisiwa cha msitu.

Wageni walipanda mlimani na mhifadhi. Mimi sikuwa na kiingilio, nikabaki ufukoni na mzee, tukilinda vyakula vyetu dhidi ya nyani waliokuwa wakitembea mchangani bila haya. Tulikula ugali wa muhogo na mgebuka wa kuchoma. Juu bondeni zilisikika kelele za sokwe, zikapanda, zikakoma. Mzee hakushangaa. Aliniuliza kwetu Tabora ni mtaa gani, nikamwambia, akautaja msikiti wa hapo. Alikuwa na ndugu.

"Babu yangu alipita kwenu," alisema. "Lakini hakutoka mnakokutaja nyinyi."

Alikuwa Mmanyema. Babu yake alichukuliwa mtoto ng'ambo ya ziwa, huko nyuma ya Ugoma, katika nchi za Kasongo na Nyangwe, akavushwa kwa mtumbwi na shehena ya pembe. Watu wa kwanza waliomwongoza njiani walikuwa wapiga kafi. Ujiji, iliyokuwa mwisho katika hesabu yetu ya shule, kwake ilikuwa gati la kwanza kushukia. Alifikishwa Tabora, akarudishwa Ujiji na bwana wake, na hapo uhuru ukamkuta akiwa mtu mzima mwenye wajukuu. "Nyie mnasema njia inaishia kwetu," mzee alisema, akitoa mwiba kwenye jino. "Sisi tunasema ilianzia majini."

Alasiri upepo wa kusini ulianza kuvuma. Kijana alitaka tukate moja kwa moja kutoka rasi hadi rasi, tuwahi. Mkono wa mzee ulikataa. Tuliingia ghubani, tukangoja hadi mawimbi yalipopungua, wageni wakitazama saa. Kaskazini ilionekana milima ya Burundi, ambako vita ilikuwa haijatulia, na boti zilizotoka upande huo zilikuja zimejaa magodoro na watoto. Mzee aliwahesabu kwa macho, akamwambia kijana awape dumu letu la maji ya kunywa.

Kabla ya kurudi Tabora nilikwenda Ujiji kwa miguu. Niliukuta mnara wa Livingstone na miembe inayosemwa ni uzao wa mwembe wa asili, na ziwa limerudi nyuma mbali na mahali walipopeana mikono. Majina ya wageni wawili yalikuwepo. Ya wale 16 hayakuwepo.

Si kwamba viongozi wote wamesahauliwa. Sidi Mubarak Bombay, aliyewaongoza Burton, Speke, Stanley na Cameron, alipewa nishani na London. Chuma na Susi, waliopitisha maiti ya Livingstone Tabora mwaka 1873 wakiipeleka pwani, wanatajwa hadi leo. Lakini hao ni wa nchi kavu. Hata Tanzania ilipoipeleka njia hii UNESCO mwaka 2006 iwekwe kwenye orodha ya kungojea urithi wa dunia, vituo vilianzia Bagamoyo vikakomea Ujiji, kama mwalimu wetu alivyosema.

Mambo yamebadilika. Maji ya Ziwa Viktoria yamefika Tabora kwa bomba, na reli ya kisasa imo mbioni kuelekea Kigoma. Na kuongoza wageni majini sasa ni biashara: nimewaona vijana wa Nungwi, Zanzibar, wakiwatembeza watalii kwa pikipiki za maji kandokando ya kisiwa: kiongozi mbele, wageni nyuma, naye anawaonyesha kwa mkono pa kupunguza na pa kukwepa matumbawe. Kazi ni ileile, na watalii hulipia kwa furaha.

Ziwa Tanganyika linaweza kupata zaidi ya hapo. Ikipatikana fedha ya kumbukumbu nyingine Ujiji, isijengwe kwa saruji. Uchongwe mtumbwi wa mvule wa watu 16, wafundishwe vijana wa Ujiji na Kibirizi kuupiga kafi, walipwe mshahara wa haki, na mgeni anayetaka kujua Stanley alipita wapi apelekwe kaskazini nao, rasi kwa rasi. Watoto wa shule za Tabora wapelekwe bure.