Riwaya za Kutisha Tuzipendazo

Wako walimu wenzetu wanaosema kwamba riwaya ya kutisha ni kitabu cha kupitishia wakati tu, na kwamba mwalimu mwenye heshima zake hana budi kuwapa wanafunzi vitabu vyenye mafunzo. Sisi twaona vingine. Katika nchi yetu ya Uganda, Kiswahili kwa miaka mingi kilisikika kambini na sokoni kuliko darasani. Na ingawa mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, lazima peke yake haimfanyi mtoto apende kusoma. Mtoto apendaye kusoma ni yule afunuaye ukurasa wa pili pasipo kuamriwa. Nasi tumeshuhudia kwa macho yetu kwamba hakuna kitu kinachomfunulisha ukurasa huo kama hofu.

Kwa sababu hiyo, katika mkutano wetu mdogo wa wasomaji, ambao hukusanya walimu sita au saba kila mwisho wa mwezi, tulikubaliana kila mmoja aje na kitabu kimoja cha Kiswahili kilichopata kumnyima usingizi. Watatu kati yetu, bila ya kushauriana, walikuja na kitabu kile kile: Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla.

Si ajabu. Hadithi hiyo ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya kuandika hadithi yaliyofanywa na East African Literature Bureau mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960, na watu wengi huihesabu kuwa mwanzo wa riwaya ya upelelezi katika lugha yetu. Mtu anakutwa ameuawa penye mzimu, mahali ambapo watu huogopa hata kupapitia. Na minong'ono inaanza kwamba waliomwua si wanadamu. Hapo ndipo anapotokea Bwana Msa na kiko chake, mtu mpole, asiye na haraka, anayeuliza maswali ambayo wengine wanaona ni ya upuuzi. Mwandishi mwenyewe, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, alikuwa bwana afya kabla hajaingia katika kazi ya magazeti. Nasi hupenda kudhani (hii ni dhana yetu tu) kwamba tabia ya kukagua visima na mashimo ya taka ndiyo iliyomfundisha Bwana Msa kutafuta chanzo cha kila harufu.

Lakini mwalimu anayekipeleka kitabu hicho katika darasa la Buganda atakutana na neno gumu tangu jaladani. Kwa Kiganda, omuzimu ni roho ya marehemu, na wingi wake ni emizimu. Kwa Kinyarwanda ni umuzimu, na wingi wake ni abazimu, maana huko neno limo katika ngeli ya watu. Basi mwanafunzi wetu akisoma “mzimu” hungoja mtu mweupe atokee gizani. Kumbe mzimu wa kitabu hiki ni mahali: ni pale watu wanapokwenda kutambika na kuweka nadhiri. Kwa Waganda pangekuwa karibu zaidi na makao ya misambwa, wale wa miambani na mitini. Tulipolieleza jambo hili, wanafunzi walibishana kwa muda wa kipindi kizima, na walibishana kwa Kiswahili. Mtoto mmoja alisema kwamba mahali hutisha kuliko mtu, kwa sababu mtu huondoka. Hatujasikia uhakiki bora kuliko huo katika semina yoyote tuliyohudhuria.

Hata lugha yenyewe ya hofu yafaa kuangaliwa. Mswahili huogopa, ndiyo; lakini waandishi wetu hupenda zaidi kusema kwamba hofu ilimwingia mtu, ilimshika, ilimjaa. Hofu ndiyo itendayo, na mtu ni nyumba iliyoachwa mlango wazi. Kisha mwili unamsisimka, nywele zinamsimama, ulimi unakuwa mzito. Sarufi ya yambwa, ambayo wanafunzi huichukia ubaoni, waliishika upesi walipoikuta katika sentensi ambayo ndani yake mtu anatetemeka.

Sasa tufike kwenye jambo lililotugawa. Tulikuwa tukikisoma kitabu hicho darasani kwa sauti, maana nakala ilikuwa moja tu, na tulikuwa tumefika pale ambapo kila mtu amekwisha amini kwamba mizimu ndiyo iliyoua. Msichana mmoja, ambaye muhula mzima hakuwa amefumbua kinywa, aliinua mkono akauliza: “Mwalimu, kama Bwana Msa angalifika kijijini kwetu, bibi yangu asingalifukuzwa?” Darasa likanyamaza. Baadaye tulifahamu kwamba mtoto wa jirani yao alikuwa amekufa ghafula, na kidole kikamwelekea bibi huyo kizee kuwa ndiye mchawi; nyumba yake ikachomwa moto, akahamia kwa binti yake mjini. Hatukuwa na jibu la kumpa zaidi ya kuendelea kusoma, naye alisikiliza mpaka mwisho, macho yake hayakutoka kitabuni.

Katika mkutano uliofuata mwenzetu mmoja alileta Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o, iliyochapishwa mwaka 1977. Humo kijana msomi, Gusto, anarithishwa uchawi na baba yake anayekufa. Ni kitabu chenye nguvu nyingi. Kurasa za kurithishana zile hazisomeki usiku na mtu aliye peke yake. Lakini humo hakuna Bwana Msa wa kuja kuthibitisha kwamba yote yalikuwa hila ya wanadamu. Uchawi wa kitabu hiki unafanya kazi.

“Kitabu hiki nakipenda,” alisema mwalimu mmoja, mama wa makamo, “walakini sitakisoma mbele ya mtoto yule. Atasema, basi waliomfukuza bibi walikuwa na haki.” Aliyekileta akamjibu: “Mama Mwalimu, tukificha kila kitabu kinachosema uchawi upo, tutabaki na vitabu vya hesabu.” Wakaongezea wengine mambo ya watoto wanaouawa kwa kafara, ambayo yalilifanya Bunge letu litunge sheria maalumu mwaka 2021. Chai ikapoa. Rai yetu sisi ni kwamba Mirathi isomwe, ila isomwe baada ya Mzimu, na isomwe na darasa la juu, ili Gusto akutane na wasomaji waliokwisha zoea kuuliza maswali ya Bwana Msa. Yule mama hakuridhika, wala hajaridhika hadi leo, nasi twaiheshimu hoja yake.

Vitabu vingine tulivipitia kwa haraka. Mmoja alitukumbusha kwamba Mwalimu Nyerere alipoitafsiri Juliasi Kaizari alituletea mzuka wa Kaizari mwenyewe hemani kwa Bruto, na kwamba wachawi wa Makbeth walianza kusema Kiswahili katika tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1968. Mwingine alitetea Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, kwa ajili ya wale manyani wawili wanaopigwa kila usiku. Alisema alipokuwa mdogo hakuogopa manyani, aliogopa huruma ya yule anayewapiga. Tulimwunga mkono sote.

Zamu ijayo ni ya Babu Alipofufuka, ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 2001. Humo mzuka wa babu unamwendea mjukuu wake, mkubwa wa serikali aliyesahau alikotoka, aitwaye K tu. Nakala tulizo nazo ni mbili, na moja haina jalada. Yule msichana, ambaye sasa yuko darasa la juu, amekwisha omba aazimwe ile isiyo na jalada, amsomee bibi yake jioni. Bibi hajui kusoma, lakini Kiswahili anakisikia.