Mshahara wa Anayewatafutia Wengine Kazi

Hapa Arusha watu wengi wamepata kazi kupitia mawakala wa ajira: wapishi, wahudumu wa vyumba, madereva wa utalii, akina mama wa mashamba ya maua kule Usa River. Anayewapigia simu, akawapanga kwenye usaili na kuwafuatilia mpaka waripoti kazini, naye ni mfanyakazi wa mtu. Nilikuwa mmoja wao. Ofisi yenyewe siitaji, kwa kuwa shauri letu liliisha kwa makubaliano.

Mshahara wa msingi ulikuwa laki mbili. Kilichotuvuta ni kamisheni. Mteja akimchukua mtu, ofisi ilimtoza kiasi cha mshahara wa mwezi mmoja, na sisi tuliahidiwa asilimia kumi ya hiyo. Kwa maneno, pesa ilikuwepo. Ila kamisheni ilitoka pale tu mteja alipolipa, na wateja wetu wa hoteli walikuwa wakilipa madeni msimu ukishachanganya, kuanzia Juni. Mtu niliyempeleka kazini mwezi wa pili, pesa yake naiona mwezi wa nane, kama nitaiona. Akiacha kazi kabla ya miezi mitatu, kamisheni inarudi ofisini kwa kukatwa kwenye mshahara wangu, hata kama ameondoka kwa sababu mwajiri hakumlipa. Bando juu yako. Nauli ya vifodi kuzunguka kwa wateja juu yako. Simu zilianza alfajiri zikaisha usiku, maana mpishi aliye zamu huwezi kumpata mchana, na saa hizo hakuna aliyezihesabu, ingawa sheria inataka kazi isizidi saa 45 za kawaida kwa wiki na ziada ilipwe mara moja na nusu.

Njaa ya afisa ajira haibaki kwake, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Mapato yalipopungua, bosi alituambia tuanze kupokea "ada ya fomu" kwa wanaotafuta kazi, nusu iende ofisini, nusu tubaki nayo. Kanuni za mwaka 2014 za mawakala binafsi wa ajira zinakataza kumtoza mtafuta kazi, na ofisini tulilijua hilo. Siku moja alikuja mama kutoka Nkoaranga, amesikia shamba la maua linachukua watu. Kabla sijamuuliza jina, akafungua pindo la khanga, akaweka noti mbili za elfu kumi mezani, zimekunjwa mpaka zimekuwa ndogo kama kidole. "Mwanangu, najua utaratibu," akaniambia. Mimi mwenyewe nilikuwa nadaiwa kodi ya chumba Sakina. Nikamwambia, "Mama, shikamoo, rudisha hizo, hapa hulipi kitu." Nikamwandikia jina na namba. Tangu hapo wateja wazuri walipewa wenzangu, mimi nikaachiwa wale wasiolipa.

Tarehe 16 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa, na alikuwa hapa hapa Arusha. Aprili ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa. Zilifunguliwa tena Mei, lakini wageni hawakurudi haraka. Mwaka ule watalii walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 hadi kama laki sita. Hoteli zikafunga milango, ofisi yetu ikasimamisha hata ile laki mbili. Tukaambiwa tuvumilie, huku kamisheni za watu tuliowapeleka tangu Novemba zikiwa hazijalipwa.

Nilirudisha funguo za chumba nikaenda kwa mama, kule Akheri. Sitaki kuipamba hali ile. Tulikula loshoro na ndizi, nikabeba mikungu kuipeleka soko la Tengeru, na usiku nilikuwa nikipigiwa simu na watu niliowatafutia kazi, wamepunguzwa, wanauliza kama kuna lolote. Sikuwa na la kuwapa. Nilimwomba Mungu na nikalia, yote mawili.

Aliyenifungua macho ni jirani yetu, mwanachama wa zamani wa TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashambani. Alisema: "Dada, nenda CMA. Fomu namba moja, huilipii. Ila wahi, madai ya mshahara yana siku sitini." CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nilikuwa nimeisikia tu kwa waajiri waliokuwa wakiilalamikia.

Nilikuwa na daftari. Kila mtu niliyempeleka kazini nilimwandika: jina, hoteli, siku aliyoripoti. Mbele ya msuluhishi, bosi alidai mimi si mwajiriwa, nilikuwa wakala huru wa kamisheni. Nikaonyesha ujumbe wake wa simu akinipangia saa ya kuingia ofisini na kunikaripia kwa kuchelewa. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamhesabu kuwa mwajiriwa mtu anayepangiwa namna na saa za kufanya kazi, mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo. Mkataba wa maandishi hakuwahi kunipa, na sheria inasema mwajiri asiyeuleta ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha masharti. Msuluhishi alimweleza hayo kwa upole. Tukaandikishana: mishahara yote ya msingi, na kamisheni kwa awamu. Makato ya walioacha kazi niliyasamehe ili tumalize.

Bado nawatafutia watu kazi mpaka leo, kwa mwajiri mwingine. Kabla ya kusaini nilitaka iandikwe kwamba kamisheni inalipwa mwisho wa mwezi ambao mtu ameripoti kazini, mteja awe amelipa au hajalipa, na kwamba simtozi mtafuta kazi hata senti. Ikaandikwa.

Wenzangu wawili wa ofisi ile walifika CMA siku zimeshapita. Niliwasaidia kuandika maombi ya kuongezewa muda. Mmoja alikubaliwa, akalipwa. Mwenzake alikataliwa, na kamisheni za watu aliowapeleka kazini, ambao baadhi yao wanafanya kazi hadi leo, hajazipata.