Jiwe la Ivuna na Kondoo wa Zizi Jingine



Wapendwa katika Kristo, tafakari yetu ya juma hili inatokana na swali ambalo vijana wa Kipaimara hupenda kutuuliza: kama kuna viumbe wenye akili katika sayari nyingine, je, Bwana wetu aliwafia na wao? Na kama wapo, sisi tunabaki kuwa nani mbele ya Mungu? Wapo watu wazima wanaolicheka swali hili. Sisi hatulicheki, kwa sababu ndani yake limejificha swali lingine lililo zito zaidi: je, tutaendelea kuamini kwamba tunapendwa, siku tutakapogundua kwamba hatuko peke yetu?

Hatuna haja ya kwenda mbali ili kulianza jambo hili. Kusini-mashariki mwa ziwa letu liko Ziwa Rukwa, na upande wake wa kusini ipo Ivuna, ambayo leo imo katika Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe. Tarehe 16 Desemba 1938 jiwe lilianguka pale kutoka angani. Vipande vilivyookotwa havikufika hata kilo moja. Uzito wake ulikuwa gramu 705 hivi. Hata hivyo, jiwe hilo ni la aina adimu sana, na wanasayansi hulitumia jina la Ivuna kulitambulisha kundi zima la mawe ya namna hiyo. Mwaka 2001 watafiti walieleza kwamba ndani yake mna asidi za amino, jamii ya kemikali ambazo baadhi yake hutumiwa na miili ya viumbe hai kujengea protini. Asidi hizo si uhai, kama vile rundo la matofali lisivyokuwa nyumba. Lakini zinatuonyesha kwamba Muumba aliyatawanya matofali yake mbali kuliko tulivyodhani.

Jiwe hilo hilo lina somo la pili. Mwaka 1961 watafiti wawili nchini Marekani, George Claus na Bartholomew Nagy, walitangaza kwamba wameona ndani ya jiwe la Ivuna, na ndani ya jingine lililoanguka Orgueil nchini Ufaransa mwaka 1864, chembe zilizofanana na mabaki ya mimea midogo mno ya majini. Habari hiyo ilizua mabishano makubwa. Wengine walipochunguza upya, ilionekana kwamba baadhi ya chembe hizo zilikuwa chavua na uchafu wa hapa hapa duniani, na nyingine zilikuwa punje za madini tu. Tangu mwaka 1995, ilipotangazwa sayari ya kwanza inayozunguka nyota inayofanana na jua letu, sayari zilizothibitishwa nje ya mfumo wa jua letu zimezidi 6,000. Lakini hadi tunapoandika maneno haya haujathibitishwa uhai wowote nje ya dunia. Kwa hiyo Mkristo asikimbilie kutangaza kisichothibitishwa, wala asikimbilie kukikana.

Tuliangalie pia ziwa letu. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 hivi. Mvuvi wa dagaa anayewasha taa zake usiku anafanya kazi katika tabaka la juu tu. Chini ya mita 200 hivi maji hayana oksijeni, na samaki hawawezi kuishi humo. Hata hivyo, katika giza hilo vimo vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi bila hewa hiyo. Ikiwa bado hatujamaliza kuzijua kazi za Mungu katika ziwa tunalochota maji kila siku, tutawezaje kumwekea mipaka katika nyota?

Je, imani yetu inamkataza Mungu kuumba uhai kwingine? Hasha. Mwaka 1277 Askofu Étienne Tempier wa Paris alilaani, pamoja na mafundisho mengine, fundisho lililodai kwamba Mungu hawezi kuumba dunia nyingi. Askofu hakusema kwamba dunia hizo zipo. Alikataa tu kwamba akili ya mwanadamu imfungie Mungu mlango. Kabla yake Mtakatifu Thomas wa Akwino, ambaye mwenyewe alishikilia kwamba ulimwengu ni mmoja, alikwisha kufundisha kwamba uwezo wa Nafsi ya Mungu haumaliziki kwa kuutwaa ubinadamu mmoja. Katika nyakati zetu, mwaka 2008, Padre José Gabriel Funes, Mjesuiti kutoka Argentina aliyekuwa mkuu wa kituo cha Vatikano cha kuchunguza nyota, alieleza kwamba kuamini uwezekano wa viumbe hao hakupingani na imani. Akaongeza wazo la kutafakarisha: huenda wanadamu ndio yule kondoo mmoja aliyepotea, na wale wengine hawakupata kuondoka zizini.

Tukirudi kwa swali la vijana wetu, Kanisa halijatamka lolote juu ya viumbe ambao hakuna aliyewaona, na ni vyema liwe na subira hiyo. Lakini msingi tunao. Mtume Paulo anawafundisha Wakolosai kwamba vitu vyote, vya mbinguni na vya duniani, viliumbwa kwa njia ya Kristo na vinapatanishwa kwa njia yake. Hakuna nyota iliyo nje ya mikono hiyo. Na sisi hatupungukiwi kitu. Kifungua mimba humwonea wivu mdogo wake siku za kwanza, akidhani upendo wa mama umegawanywa kama ugali. Akikua anatambua kwamba mama hakuugawa. Alimpenda kila mtoto kwa moyo wake wote.

Ndugu zangu, kwa watu wa Ujiji swali hili lina uzito wa pekee. Hapa palikuwa mwisho wa njia ndefu ya misafara kutoka Bagamoyo. Katika ufuko huu watu wa ng'ambo ya ziwa walishushwa wakiwa watumwa, na wenzao wenye macho, lugha na machozi kama yao waliwatazama wakaona bidhaa. Mwaka 1537 Papa Paulo III alikwisha kufundisha, katika hati Sublimis Deus, kwamba Wahindi wa Amerika ni wanadamu kweli, na kwamba wao na watu wengine wote watakaogunduliwa baadaye wasinyang'anywe uhuru wao. Zaidi ya miaka 300 baadaye, Wamisionari wa Afrika walipofika Ujiji Januari 1879, walikuta watu bado wananunuliwa. Mwanadamu alikutana na mwanadamu, naye hakumtambua. Je, atakutana na kiumbe wa nyota nyingine, na kumtambua?

Hayati Papa Francisko aliligusa jambo hili Mei 2014, alipohubiri juu ya Mtume Petro na Kornelio. Alitoa mfano wa viumbe wa kutoka sayari ya Mirihi wanaokuja kuomba ubatizo, akatuuliza sisi ni nani hata tumfungie Roho Mtakatifu mlango. Mfano ulihusu Mirihi, lakini somo lilihusu nyumba ya jirani. Petro hakuhitaji kiumbe wa angani ili ajaribiwe. Alitosha askari mmoja wa Kirumi, mtu wa taifa jingine, mlo mwingine na desturi nyingine.

Nasi tunaye Kornelio wetu. Mkoa huu umewapokea wakimbizi kwa miongo mingi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu waliokimbia vita Kongo, na Warundi nao wakaja kuishi humo. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mara ngapi tumesikia sokoni, na hata nje ya milango ya kanisa, mkimbizi akisemwa kana kwamba si mtu kamili? Mwenye kusema hivyo asijisumbue kuuliza kama Kristo aliwafia viumbe wa mbali. Aanze kuuliza kama anaamini kwamba Kristo alimfia huyu aliyesimama mbele yake.

Basi, vijana wetu wapendwa, endeleeni kuuliza na kusoma sayansi bila hofu. Bwana alikwisha kusema, katika sura ya kumi ya Injili ya Yohane, kwamba anao kondoo wengine wasio wa zizi hili. Kuwajua wote ni kazi yake Yeye. Yetu sisi ni kuhakikisha kwamba, yeyote atakayeletwa mlangoni, hatakuta tumeufunga.

Tunawatakia Dominika njema. Bwana awe nanyi.