Chumvi na Chuma

Chumvi huhifadhi nyama na huharibu chuma. Samaki aliyekolezwa chumvi hukaa miezi bila kuoza. Msumari uliolowa maji ya chumvi huanza kulika kabla ya wiki kwisha. Si ajabu kitu kimoja kuwa mlinzi wa hiki na mharibifu wa kile. Lakini katika nchi za baridi chumvi hufanya kazi zote mbili kwa wakati mmoja: barabarani huokoa maisha ya watu, na uvunguni mwa magari yao huandaa hatari.

Sababu ya kuimwaga barabarani ni njema. Maji matupu huganda baridi ifikapo nyuzi 0 za Selsiasi, lakini maji yaliyokolea chumvi huweza kustahimili hadi karibu nyuzi 21 chini ya hapo. Barafu iliyonyunyiziwa chumvi huyeyuka, magurudumu hushika njia, na wasafiri hufika kwao salama. Katika Marekani, jimbo la New Hampshire lilitangulia kuifanya chumvi desturi ya barabara zake, katika majira ya baridi ya 1941 na 1942. Baada ya Vita Kuu ya Pili majimbo mengine yalifuata, na siku hizi nchi hiyo humwaga mamilioni ya tani kila mwaka. Mji wa Detroit, uliojipatia sifa duniani kwa kuunda motokaa, umekaa juu ya mgodi wa chumvi ulio chini ya ardhi kiasi cha mita 350. Hivyo mji huo kwa mkono mmoja uliwapa watu gari, na kwa mkono wa pili ukachimbua kitu cha kulimaliza gari hilo.

Watu husema kuwa chumvi hula chuma. Kwa hakika walaji ni maji na oksijeni iliyomo hewani. Chumvi ni mshenga anayeharakisha ndoa yao na chuma. Chuma kinaposhika kutu, umeme mdogo hupita majini kutoka upande mmoja wa chuma hadi upande mwingine. Maji matupu huupitisha umeme huo kwa shida, na maji ya chumvi huupitisha kwa wepesi. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila. Kwa hiyo hufura, huinua rangi, hutanua mishono ya mabati, na kuyafungulia njia maji mengine. Mahali ambapo baridi imezidi nguvu za chumvi ya kawaida hutumiwa chumvi za kalsiamu na magnesi. Hizo huvuta unyevu kutoka hewani, hata chuma kikawa majimaji siku ambayo mbingu ni kavu.

Na atazamwe sasa mwenye lori dogo, lile liitwalo pikapu, anayelitegemea kwa riziki yake katika nchi kama hiyo. Juu lori lake hung'aa, maana hulipangusa kila Jumapili. Uvunguni mna chesisi inayobeba uzito wote, springi, tangi la petroli, na mabomba membamba ya breki, ambayo unene wa chuma chake haufiki milimita 1. Bodi ikitoboka, hasara ni ya macho na ya mfuko. Bomba la breki likitoboka, hasara huweza kuwa ya mtoto anayevuka njia. Ndiyo maana mwaka 2015 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa barabarani iliwaonya wenye magari ya zamani katika majimbo ya baridi waoshe uvungu, wakague mabomba ya breki, na wakiona chuma kinabambuka wabadilishe mabomba yote, wasitie viraka.

Aghalabu mwenye lori hukimbilia vazi zito la lami. Hulipia mara moja, uvungu ukapakwa mweusi tititi, naye akajiona ameokoka. Lami si mbaya ikipakwa juu ya chuma kikavu na safi. Walakini, miaka ikipita hukauka na kupasuka. Maji ya chumvi huingia katika nyufa zake, na yakiisha kuingia hayaoni jua wala upepo wa kuyakausha. Vazi lililowekwa kuzuia adui humficha adui. Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako, na hapa neno lao ni kweli tupu: fundi hugonga kwa nyundo mahali palipoonekana pazima, na nyundo ikazama.

Wengine hukosea kwa huruma. Lori lililorudi limejaa theluji yenye chumvi hulazwa katika banda lenye joto. Kutu hufanya kazi haraka penye joto kuliko penye baridi kali. Theluji huyeyuka, maji ya chumvi hujipenyeza katika kila mshono, na kutu hukesha. Lau lori hilo hilo lingeachwa nje katika baridi, kutu ingekuwa kama imesinzia.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawamwagi chumvi barabarani, lakini ugomvi wake na chuma waliujua tangu zamani kwa vyombo vya baharini. Waunda majahazi waliviringisha nyuzi za pamba zilizolowa mafuta katika misumari ya chuma kabla ya kuigongomea. Na jahazi halikupakwa mara moja likasahauliwa. Lilipwelezwa mchangani, maji yakatoka, mabaharia wakaingia chini yake. Wakakwangua, wakatazama kila ubao, kisha wakapaka upya shahamu iliyochanganywa na chokaa. Baada ya muda shahamu ilikwisha, wakarudia. Nakhoda hakulalamika kuwa shahamu haidumu, maana kuisha kwake ndiko kulikomrudisha chini ya chombo.

Hekima hiyo yafaa lori pia. Kwanza, uvungu uoshwe kwa maji yanayorushwa kutoka chini, kila baridi inapolegea, na uoshwe kwa ukamilifu msimu wa chumvi unapokwisha. Pili, matundu ya kutolea maji katika chesisi na milango yazibuliwe, kwa kuwa tope likiyaziba, chesisi hulika kutoka ndani, mahali pasipofika jicho. Tatu, kabla ya theluji kuanza, chuma kikiwa kikavu, kutu ikwanguliwe kwa brashi ya waya, palipo wazi papakwe rangi yenye zinki, kisha uvungu upakwe mafuta mepesi, au nta, au mafuta yatokanayo na sufu ya kondoo. Mafuta hayo hutambaa hadi ndani ya mishono, na hayagandi yakapasuka. Yasipakwe katika breki, wala bomba la moshi, wala mipira.

Mafuta hayo yana kasoro moja: huoshwa na njia, na kila mwaka ni lazima yapakwe tena. Lakini kasoro hiyo ndiyo fadhila yake. Lami humwambia mwenye lori apumzike. Mafuta humwita arudi, na akirudi huliona bomba lililoanza kubambuka kabla halijapasuka. Kinga iliyo bora ni ile isiyomwachia mwenyewe kusahau anachokilinda.

Kazi hii haina sifa. Hakuna apitaye njiani akausifu uvungu wa lori, na mwenye kuufanyia kazi hutoka na matope usoni. Hata hivyo, abiria anayepanda hainami kutazama mabomba ya breki, wala mtoto anayevuka njia hana nafasi ya kuuliza. Wote wawili wamemwachia mwenye lori atazame kwa niaba yao.