Kupanga Safari ya Siku Tano Katika Nchi Kavu

Nchi ya kati ya Tanzania ni nchi kavu. Mvua huja mara moja tu kwa mwaka, tangu Novemba au Desemba hata Aprili. Baadaye miezi mingi hupita bila tone. Ukisimama pale Sekenke, mahali ambapo uwanda wetu wa Iramba hukatika na kushuka ghafula, utaona mbuga za Wembere zimetandazwa mbele yako, na wakati wa kiangazi rangi yake ni kama majivu. Hata hivyo nchi hii ina mambo mengi ya kale, na mtu anayetaka kuyaona yampasa kusafiri siku kadhaa. Nataka kuwaeleza jinsi safari ya namna hiyo inavyopangwa.

Mimi ni mwalimu hapa Kiomboi. Mwaka mmoja wanafunzi wangu walisoma habari za misafara ya zamani na habari za michoro ya Kondoa, wakataka kuyaona mahali penyewe. Wazazi wao wakakutana, wakakubali, wakanipa mimi kazi ya kupanga. Tulikuwa watoto 28 na watu wazima 4, jumla watu 32. Wazee wengine walisema, “Mwalimu, siku tatu zatosha. Gari siku hizi huenda mbio.” Sikuwajibu upesi. Kwanza niliuliza: Je, waliotutangulia walipitaje katika nchi hii?

Karne ya 19 misafara mingi ilitoka Bagamoyo kwenda Tabora na kurudi. Ilipita Ugogo, ikapanda ukingo wa Bonde la Ufa karibu na Kilimatinde, kisha ikaingia katika pori lililoitwa Mgunda Mkali. Jina hilo latosha kukuonyesha sifa yake. Mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Basi, tufanye hesabu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mtu anayetembea juani ahitaji lita 4 kwa siku. Kwa hiyo mpagazi mmoja, asipochukua kitu kingine chochote, hubeba maji ya watu 8 kwa siku moja. Msafara wa watu 320 ungehitaji wapagazi 40 wa maji tu kwa siku hiyo moja, na kwa siku 7 wapagazi 280. Nani angebeba nguo na shaba na chakula? Nanyi mwaona kwamba haikuwezekana kubeba maji ya safari nzima. Ilibidi yatafutwe njiani, na njia ikapinda kuyafuata.

Ndiyo sababu wasafiri wale hawakuhesabu safari kwa maili. Walihesabu kwa visima: kutoka kisima hiki hata kisima kile. Na palipokuwa na mwendo mrefu usio na maji, walifanya tirikeza. Asubuhi walikaa kisimani, wakapika, wakala, wakanywa na kujaza vibuyu vyao. Jua lilipopita kichwani waliondoka, wakaenda hata usiku, wakalala mahali pakavu. Alfajiri waliondoka tena kabla ya joto, wakafika kwenye maji mengine. Hivyo mwendo wa siku mbili ulikatwa katikati, na kiu haikuwapata kwa nguvu zake zote. Tena visima vya Ugogo vilikuwa na wenyewe waliovichimba kwa jasho. Mgeni alilipa hongo kwanza, ndipo akapita. Mwenye kupanga safari alipaswa kujua wapi pana maji, ni ya nani, na kwa bei gani.

Sasa sikilizeni habari ya msafara mmoja uliopita karibu na kwetu. Novemba 1874 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kwenda Ziwa Viktoria. Alipofika Ugogo hakuishika njia ya Tabora, bali aligeuka kwenda kaskazini-magharibi. Viongozi aliowaajiri wakamtoroka. Njia ikapotea kati ya njia za tembo na vifaru, na msafara ukajikuta katika pori lisilo na kijiji wala chakula. Mwezi Januari 1875 watu walianza kuanguka. Waliokuwa nyuma walipotea msituni, na wengine wakafa kwa njaa na uchovu. Ndipo Stanley akawatuma watu wenye nguvu kwenda kununua nafaka huko Suna, katika nchi ya Wanyaturu, mwendo wa karibu maili 30. Huku nyuma akatwaa sanduku lake la bati la kutilia nguo, akalijaza maji, akalitia unga wa shayiri, akapika uji mwepesi kwa watu zaidi ya 200. Kila mtu alipata vikombe viwili tu. Wale waliotumwa waliporudi na nafaka, waliosalia wakapona. Lakini Mwingereza kijana, Edward Pocock, alikufa kwa homa tarehe 17 Januari huko Chiwyu. Baada ya hayo palitokea vita na wenyeji, na watu wengi wa pande zote mbili waliuawa. Kisha msafara ukapita Iramba, nchi yetu hii, ukafika ziwani tarehe 27 Februari.

Niliifikiri sana habari hiyo. Msafara ule ulikuwa na bunduki, nguo, shanga, hata mashua iliyokatwa vipande ili ibebwe. Mali haikukosekana. Kilichokosekana ni mtu aijuaye njia, na chakula cha siku chache zaidi ya zile zilizotazamiwa. Tena waliokufa kwanza ni wale waliokuwa dhaifu, waliobaki nyuma.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mwanafunzi wangu mmoja, msichana wa darasa la saba. Alizaliwa na ugonjwa wa selimundu. Chembe zake za damu hupinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Maumivu yake ni makali mno. Kiu, baridi na uchovu huweza kuyaamsha. Baba yake alinijia akasema, “Mwalimu, huyu mwacheni nyumbani. Akipatwa na maumivu porini, mtafanya nini?” Yule msichana alikuwa amesimama mlangoni. Akaniuliza kwa adabu, “Shikamoo, Mwalimu. Je, njia hiyo haina maji?”

Swali lake lilikuwa swali la msafiri wa kweli. Nikamwambia baba yake, “Mzee, nipe siku saba. Nikishindwa kupanga njia inayomfaa mwanao, basi haitawafaa wengine pia.”

Nilikwenda kwa daktari. Akaniambia mambo manne: anywe maji mara kwa mara hata kama haoni kiu, apumzike kabla ya kuchoka, avikwe vizuri usiku, na kila tutakapolala pawe na hospitali karibu. Nikayaandika hayo manne juu ya karatasi, na safari nzima nikaijenga juu yake.

Kwanza nilichagua majira. Likizo ya Desemba haikufaa. Nchi kavu haizoei maji mengi, nayo mvua kubwa ikija huweza kuua. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, yakaupiga mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 walikufa. Njia yetu ilikuwa ipite hapo hapo. Oktoba nayo ni mwezi wa joto kali, na wakati huo wenyeji wengi huchimba mchanga wa mito mikavu ili wapate ndoo moja. Haifai wageni 32 kuwaongezea taabu. Nikachagua Juni: barabara zimekauka, visima vingali na maji, na jua si kali. Baridi ya usiku ya Juni nayo tuliijua, kwa hiyo kila mtoto aliagizwa blanketi na sweta.

Pili nilipunguza mahali pa kuona. Watoto walitaka pia Ziwa Kitangiri lenye samaki, na Ziwa Eyasi. Niliyafuta yote mawili, ingawa iliwasikitisha. Safari yenye mambo mengi humfanya mtu kuona vumbi la barabara tu. Tulibaki na siku tano, wala sikukubali kuzifanya tatu.

Tatu nilihesabu maji. Watu 32, kila mmoja lita 4, ni lita 128 kwa siku. Madumu 7 ya lita 20 huchukua lita 140. Kila jioni tungelala katika mji wenye maji na hospitali, yaani Singida, Kondoa na Manyoni, na madumu yangejazwa kabla ya mtu yeyote kulala. Chakula tulichukua cha siku sita, kwa kuwa akiba haiozi: unga, maharage, karanga na michembe.

Baba wa yule msichana aliisoma karatasi yangu mara mbili. Akanyamaza. Kisha akasema, “Na aende.”

Siku ya kwanza tulishuka Sekenke. Wajerumani walianza kuchimba dhahabu huko mwanzoni mwa karne ya 20. Vita Kuu ya Kwanza ilipowafungia njia ya bahari, wakakosa fedha za kuwalipa watu, walitengeneza huko Tabora, mwaka 1916, sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Na dhahabu yake ilitoka katika machimbo haya. Jioni tulifika Singida, tukaona maziwa ya Singidani na Kindai yenye maji ya chumvi. Mtoto mmoja aliyaonja akatema, wenzake wakacheka. Nikawaambia, “Kumbukeni ladha hiyo. Msafiri huweza kusimama kando ya ziwa zima naye ana kiu.”

Siku ya pili tulipita chini ya Hanang, tukapita Babati, tukalala Kondoa. Siku ya tatu ilikuwa ya Kolo peke yake. Tuliandikishwa katika ofisi ya mambo ya kale, tukapewa kiongozi, tukapanda mapema kwenda Mongomi wa Kolo. Njia ile ni ya kupanda sana. Nilikuwa nimetoa amri kwamba kila robo saa wote wasimame na kunywa, wenye nguvu na wasio na nguvu pamoja. Mwanzoni wavulana walinung'unika. Mara ya tatu walikaa kivulini wa kwanza. Hivyo hakuna aliyemngoja yule msichana, wala yeye hakumwomba mtu amngoje. Alifika juu na wenzake.

Juu kule, chini ya jabali kubwa, kuna watu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, vichwa vyao vya mviringo, na wanyama wa porini karibu nao. Michoro mingine ni myeupe, nayo ni ya baadaye. Watu walichora katika majabali ya Kondoa kwa muda usiopungua miaka 2,000. Mwaka 1951 Mary Leakey alikaa huko akiinakili mingi kwa mkono wake, na mwaka 2006 mahali hapo paliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wenyeji bado hupaheshimu, na huko Mongomi huombea mvua. Kiongozi alitufundisha jambo moja ambalo sitalisahau: wageni wengine hulowesha michoro kwa maji ili rangi zing'ae wapate kupiga picha, na maji yale huiharibu kabisa. Yule msichana akalifunga dumu lake kwa nguvu, akaliweka mbali na jabali.

Siku ya nne tulishuka Dodoma, tukapita Bahi, tukalala Manyoni. Siku ya tano asubuhi tulisimama Kilimatinde, juu ya ukingo, tukatazama nyuma nchi ya Ugogo iliyo chini. Mbele yetu, upande wa magharibi, ilikuwa njia ya Mgunda Mkali. Watoto walinyamaza kwa muda. Mmoja akauliza, “Mwalimu, wapagazi wangapi walipita hapa?” Nikasema, “Walikuwa maelfu kwa maelfu, na majina ya wengi wao hayakuandikwa popote.” Usiku ule tulifika Kiomboi, na madumu mawili yalikuwa yangali na maji.

Basi, wewe usomaye, siku moja wazazi au wenzako watakuambia, “Tupangie safari.” Usianze kwa kuuliza ni mambo mangapi yatakayoonekana. Uliza maji yako wapi, na ni ya nani. Uliza mvua huja lini. Chukua chakula cha siku moja zaidi. Kisha watazame wote watakaokwenda nawe, umtafute aliye dhaifu kuliko wote, na mwendo wake uwe ndio mwendo wa msafara. Mwenye nguvu hapungukiwi na kitu kwa kupumzika kivulini, bali aliye dhaifu huweza kupoteza uhai wake kwa kuachwa nyuma.