Ndoana si Aibu

Mtu akitaja Isiolo wengi hufikiria ngamia, mbuzi, vumbi na mabasi ya kwenda Marsabit na Moyale. Hakuna anayefikiria samaki. Siku niliyotamka darasani kwamba mimi ni mvuvi, wenzangu waliangua kicheko hadi mwalimu akagonga meza. "Unavua nini, mchanga?" mmoja aliniuliza. Basi nimeona heri nishike kalamu niwajibu wote kwa pamoja.

Mto wetu ni Ewaso Nyiro. Jina hilo ni la Kimaa, na maana yake ni mto wa maji ya rangi ya udongo. Ama kweli jina limefaa, kwani ukiyachota baada ya mvua utadhani ni chai ya maziwa. Maji hayo hutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, hupita Laikipia, hufika Archer's Post, kisha huteremka mashariki hadi kinamasi cha Lorian.

Wavuvi wa Kenya hawatumii chambo kimoja. Kule juu, kwenye vijito baridi vya milimani, yuko samaki aitwaye trauti, ambaye aliletwa nchini na Wazungu mwaka 1905. Huyo huvuliwa kwa nzi wa bandia aliyetengenezwa kwa manyoya na uzi. Nako Ziwa Naivasha, mwaka 1929 aliletwa samaki wa Marekani aitwaye besi ili watu wajiburudishe kwa kumvua. Besi ni mviziaji. Hujificha kwenye magugu, na akiona kitu kinatikisika kama chura au samaki mdogo, hukirukia. Ndiyo maana wavuvi wake hupenda chambo cha bandia, cha bati linalometameta au cha plastiki, ambacho hukivuta na kukiachia mpaka kionekane kiko hai.

Sasa chukua bati hilo ulitupe Ewaso Nyiro. Utakesha bwana! Samaki ninayemtafuta mimi ni kambare, na katika tope lile macho hayamfai sana. Yeye hutafuta chakula kwa kupapasa na sharubu zake, kwa kunusa na kuonja. Kwa hiyo chambo chake ni lazima kiwe na harufu. Hilo ndilo somo la kwanza nililofunzwa na mzee jirani yetu, Mturkana aliyekulia kando ya ziwa la kwao: usichague chambo kabla ya kuyajua maji.

Vifaa vyangu havina makuu. Nina ufito mrefu, uzi wa nailoni, ndoana, na nati kuukuu ya baiskeli badala ya chubwi. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini tukikutana mtoni wavuvi wanne, ubishi hauishi. Mmoja ataapa kwamba hakuna kama mnyoo. Wa pili atasema utumbo wa kuku uliolala siku moja. Wa tatu huja na kipande cha sabuni ya kufulia, ati kambare huifuata kwa harufu yake. Mimi ni wa chama cha utumbo, na sihami.

Ubishi mkubwa zaidi ni wa ndoana. Wengi hawajui kwamba katika ndoana za kawaida, namba ikipanda, ndoana inakuwa ndogo zaidi. Vijana hupenda zile ndogondogo kwa sababu kila samaki huzimeza, na jioni unarudi na mkungu wa samaki wa kidole. Mzee hutumia kubwa tu. "Kijana wangu," huniambia, "ndoana kubwa inachagua. Mtoto wa samaki hawezi kuimeza, basi anabaki kukua." Jambo jingine analosisitiza ni mamba. Hatuingii majini, hatuinami ukingoni, na hatukai mahali pamoja siku zote, kwani mamba naye ni mvuvi.

Huenda mkadhani haya ni mambo ya kujifurahisha. La hasha! Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hadi 2022, mbuzi wetu walikufa mmoja baada ya mwingine mpaka boma likabaki na miiba tu. Ndipo nilipoanza kumfuata mzee mtoni. Siku niliyoleta kambare wawili nyumbani, Akko, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kiborana, alijifunika pua kwa mtandio. "Mjukuu wangu anatulisha nyoka wa maji!" alilia. "Mwacha mila ni mtumwa!"

Maneno hayo yaliniuma. Kwetu sisi wafugaji, tangu zamani samaki alikuwa chakula cha aliyefilisika, asiye na mfugo hata mmoja. Kumpika samaki hadharani ni kuwatangazia majirani kwamba nyumba imeanguka. Baba alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwa upole, "Mama, mbuzi wamekwisha. Mtoto hakuiba." Mama alitenga sufuria moja kuukuu, akapika nje. Wadogo zangu walikula wakalamba vidole. Kambare wa pili nilimuuza kwa mwenye hoteli mjini, tukanunua unga. Hadi leo Akko hajaonja samaki, lakini nikichelewa kurudi yeye ndiye wa kwanza kuuliza kama mto umetupa kitu.

Nimeliwazia sana lile neno la mila, na jibu nimelipata huko huko mtoni. Miezi ya kiangazi Ewaso Nyiro hukatikakatika ukawa madimbwi. Hapo wengine huja na vyandarua vya mbu, huburuta dimbwi zima na kuzoa kila kitu, wakubwa kwa vichanga. Niliwahi kuwauliza vijana wa rika langu kwa nini wafanye hivyo. Mmoja akajibu, "We! Kesho dimbwi litakauka. Si afadhali tuwale leo kuliko waliwe na korongo?"

Hoja hiyo si ya kipuuzi, maana madimbwi mengine hukauka kweli. Lakini si yote. Yapo yenye kina ambayo hudumu, na kambare ni mvumilivu ajabu, kwani ana kiungo cha kumwezesha kupumua hewa hata maji yanapokuwa tope zito. Mvua zikirudi na mto ukifurika, walionusurika hutaga kwenye majani ya ukingoni, na jike mmoja hutaga mayai maelfu kwa maelfu. Hao wachache wa dimbwini ndio mbegu ya mto mzima.

Nikamjibu yule kijana kwa lugha ya boma. Nilimwambia, "Baba yako angemchinja mbuzi jike mwenye mimba wakati wa ukame, halafu angetegemea kundi litoke wapi?" Alikuna kichwa, akatazama chandarua chake. Sikusikia jibu, ila mzee alicheka mpaka akakohoa.

Hapo ndipo ninaposimama, wasomaji wapenzi. Mila ya mfugaji si kula nyama tu. Ni kujua yupi wa kuchinjwa na yupi wa kuachwa, ili kesho pia pawe na kundi. Anayevua kwa ndoana kubwa na kuyaacha madimbwi yenye kina hajaiacha mila hiyo. Ameteremka nayo mtoni.

Kwa hiyo wenzangu, chekeni mkitaka, lakini msimdharau mtu kwa sababu ya kilicho chunguni mwake. Ukame haubishi hodi, wala hauulizi kabila. Na yeyote anayetaka kujifunza anitafute bwenini. Aje na ufito wake, utumbo wa kuku nitampa.