Mzee wa penseli: kazi yake umeiona, jina lake hulijui
Wengi wanadhani mchora majoka anafumba macho tu, picha zinakuja. Wapi! Huyu mzee anaishi Dartmoor, kusini magharibi mwa Uingereza, kwenye mawe makubwa na miti mikongwe iliyopinda. Anachora hayo hayo, kwa penseli, kila mara. Mzizi unageuka kidole, gome linakuwa uso. Joka baadaye.

Mwaka 1991 The Lord of the Rings ikatoka na picha zake 50 za rangi za maji. Ndo zilizomfikisha New Zealand kwenye filamu zenyewe, akakaa miaka akichora milango, ngazi na minara, vitu ambavyo wewe unavipita tu huku unatafuna bisi. Kwa kweli hiyo ndiyo kazi yenyewe: ukiishangaa ngazi, umeshatoka kwenye stori.

2004 akabeba Oscar na wenzake wawili. Mtaani bado hajulikani.

Na sura yake imo humo humo. Filamu ya kwanza, mwanzoni kabisa, wale wafalme 9 wanaopewa pete, mmoja ni yeye. Sekunde chache tu. Irudieni, mtuambie kama mmemuona.